Jino la Skrubu, Fedha na Punje za Mahindi: Kisa cha Mama wa Kibaigwa

Kabla hajaketi alifungua kibahasha cha plastiki, vile vya kufungia vidonge, akakimimina mezani kwangu. Ikadondoka skrubu ya kijivu yenye urefu wa milimita 10, safi kabisa, utadhani imetoka dukani asubuhi ile.

"Hii ilinitoka, daktari. Na pacha wake bado yumo ndani, naye ameanza kunuka."

Mama huyu ana miaka 54. Ananunua na kuuza mahindi na alizeti Kibaigwa, lile soko la nafaka lililo kando ya barabara kuu ya Morogoro kuja Dodoma, wilayani Kongwa. Anaishi na kisukari mwaka wa sita sasa. Alikulia upande wa Singida, na meno yake ya mbele yana yale madoa ya kahawia ambayo sisi tunaofanya kazi kanda ya kati tunayatambua kabla mgonjwa hajataja kijiji chake: maji ya kisima yenye floraidi nyingi. Ameniruhusu niandike kisa chake mradi nisimtaje jina, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili.

Alikuja na kijana wake wa mwisho, anayesoma kemia chuo kikuu hapa Dodoma. Kijana alikuwa na jibu tayari kwenye simu. Lilikuwa tangazo la implanti, yaani meno ya skrubu, zilizopakwa chembe ndogo mno, za nano, za madini ya fedha, zinazoua, kwa maneno ya tangazo lenyewe, asilimia 99.9 ya bakteria. "Dokta," akaniuliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, "kwa nini mama hakuwekewa hizi?"

Swali ni zuri. Lilinichukua miezi kadhaa kulijibu vizuri, na nusu ya jibu haikuwa kwenye simu wala kwenye vitabu vyangu.

Neno kwanza. Vitabu vinapendekeza "kipandikizi", lakini jaribu kumwambia mama wa kanda hii kwamba utamwekea kipandikizi. Atauangalia mkono wake wa kushoto, kwa sababu kwake hilo ni jina la vijiti vya uzazi wa mpango. Wagonjwa wangu wengi husema "jino la skrubu", na kusema kweli hawajakosea. Ni skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya, mfupa ukaishika, kisha juu yake ikafungwa kofia yenye umbo la jino. Kwamba mfupa unaweza kuing'ang'ania titani kiasi kwamba haing'oki bila kuvunja mfupa wenyewe, hilo aliligundua Per-Ingvar Brånemark wa Sweden katika miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura. Mtu wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Hapa nitaandika "implanti".

Sasa historia yenyewe. Miaka miwili na nusu iliyopita, katika jiji jingine, mama aliwekewa implanti mbili chini kushoto, mahali pa gego la kwanza na la pili. Vifuniko viliachwa vimechungulia juu ya fizi wakati mfupa unapona. Wiki ya 7 alirudi kuangaliwa. Daktari alipogusa kifuniko cha ile ya nyuma, skrubu nzima ikazunguka, kwa maumivu, ikatoka. Mama aliambiwa, "Mwili wako umeikataa." Ile ya mbele ilishika. Baada ya miezi mitatu ikavalishwa kofia ya kauri, nzuri kwa kweli, rangi imefuatishwa hadi umanjano wa meno ya jirani. Alitafuna kwa raha mwaka mzima na zaidi. Kisha fizi ikaanza kutoa damu, halafu harufu, halafu usaha ukibonyeza kwa kidole.

Nilichokikuta ni hiki. Implanti ya mbele haitikisiki. Fizi yake imevimba na kuwa nyekundu ya zambarau. Kipimio kilizama milimita 7 upande wa ulimi, damu na usaha vikafuata. Eksirei ilionyesha mfupa umeshuka kiasi cha milimita 4 kuzunguka shingo ya skrubu. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma asilimia 9.6. Chini ya mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018, pale ambapo hakuna picha za zamani za kulinganisha, kina cha milimita 6 au zaidi, damu au usaha, na upotevu wa mfupa wa milimita 3 au zaidi vinatosha kuuita ugonjwa kwa jina lake: maambukizi ya mfupa unaozunguka implanti. Picha za zamani zilikuwepo, aliniambia, lakini hakupewa.

Ugonjwa huu si wa bahati mbaya ya mtu mmoja. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulipata wastani wa asilimia 22 ya watu wenye implanti kuwa nao, na asilimia 43 kuwa na hatua yake ya awali, fizi inayowaka bila mfupa kuliwa. Sababu mojawapo ni ya kimaumbile. Jino la kuzaliwa limeshonwa kwenye fizi: kuna nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi wenyewe kama kamba za hema zilizofungwa kwenye mti. Kwenye titani nyuzi hizo hazina pa kuingia, zinapita sambamba na skrubu. Ukoga ukishapata mlango, safari ya kwenda mfupani ni fupi.

Hapo ndipo watu wa chembe za nano wanapoingia, na nataka niwatendee haki, kwa sababu wazo lao lina mizizi.

Mwaka 1987 Anthony Gristina, daktari wa Marekani, aliandika kwamba kitu chochote kigeni kinapowekwa mwilini, mbio huanza palepale: seli za mwili na bakteria wanaugombea uso wa kile kitu. Anayewahi kukaa ndiye mwenyeji. Bakteria wakiwahi, wanajenga utando wao, wanajifunika ute, na dawa ya kumeza inawafikia kwa shida mno. Basi kwa nini tusiuwekee uso wenyewe silaha, ili bakteria akitua tu akutane na mauti yake?

Fedha ni silaha ya zamani. Katika miaka ya 1880, Carl Credé huko Leipzig aliwadondoshea watoto wachanga maji ya nitrati ya fedha machoni ili wasipofuke kwa kisonono cha mama zao. Muuguzi yeyote aliyepita wodi ya majeraha ya moto anaijua krimu nyeupe yenye fedha. Kijana wangu wa kemia alilifurahia hili, nami nikaona afadhali tuzungumze kwa lugha yake. Chembe ya nano ni kitu chenye upana wa nanomita 1 hadi 100, wakati unywele wa kichwa una kama nanomita 50,000 hadi 100,000. Ukiisaga fedha hadi kufikia udogo huo, gramu ileile inapata eneo kubwa sana la kugusana na maji, na kwenye eneo hilo inaachia ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Ayoni ya fedha inashikamana na salfa iliyo katika protini za bakteria, inavuruga ukuta wake, inazuia upumuaji wake, inachochea oksijeni kali inayomchoma kutoka ndani. Oksidi ya zinki na oksidi ya shaba zina tabia zinazokaribiana na hizo. Oksidi ya titani inaweza kuua bakteria ikimulikwa mwanga wa urujuanimno, ingawa nani atakayemulika taya la mama huko Kibaigwa kila jioni, sijui.

"Kwa hiyo inafanya kazi," kijana akasema.

Inafanya kazi kwenye sahani ya maabara, ndiyo. Tukaishika ile asilimia 99.9 tuipige hesabu. Mililita moja ya mate ina bakteria kama milioni 100. Ua asilimia 99.9, wanabaki 100,000. Hao wakigawanyika mara kumi tu, wamerudi milioni 100 na ushei. Halafu majaribio mengi ya namna hiyo hufanywa kwa aina moja ya bakteria kwa saa 24, mara nyingi wale wanaoota kirahisi maabara, katika maji safi. Kinywa kina aina zaidi ya 700 kwa ujumla, na wale wanaokula mfupa kando ya implanti, kama Porphyromonas gingivalis, wanaishi pasipo hewa, chini ya migongo ya wenzao waliotangulia. Tena mate si maji safi. Yana kloridi, ambayo kijana aliitambua mara moja: ayoni ya fedha ikikutana nayo inakuwa unga mweupe usioyeyuka. Yana protini zinazotandaza ngozi nyembamba juu ya kila kitu kilichomo kinywani ndani ya dakika chache, fedha ikiwemo. Bakteria anayetua hatui tena juu ya fedha. Anatua juu ya zulia.

Kuna jambo la pili, kubwa zaidi, na hili matangazo hayalisemi kwa sababu halipendezi. Ayoni haimjui adui. Kiasi kinachomuua bakteria kiko karibu mno na kiasi kinachoumiza seli inayojenga mfupa na seli inayofunga fizi. Mpako ukiachia fedha nyingi mwanzoni, kama mipako mingi inavyofanya, unaweza kumshinda bakteria na kumshinda mjenzi pia, na mbio zikakosa mshindi. Ukiachia kidogo, hauui. Kazi kubwa ya watafiti leo ni kutafuta upenyo kati ya hayo mawili: kuifungia fedha ndani ya oksidi ya titani iliyochimbwa vishimo vidogo, kuichanganya na madini ya mfupa, kuifunika kwa kitosani itokanayo na magamba ya kamba na kaa, ili itoke pole pole. Wengine wameacha fedha kabisa wakachonga uso wenye miiba midogo kama mabawa ya kereng'ende, ili bakteria apasuke kwa kukaa tu. Napenda kusoma kazi hizi. Nyingi ziko maabara na kwa wanyama. Kwa binadamu, fedha imetumika zaidi kwa wataalamu wa mifupa, kwenye vyuma vikubwa vinavyowekwa baada ya kuondoa saratani ya mfupa, ambako maambukizi yakiingia mtu anaweza kupoteza mguu. Pale mizani ni nyingine.

Bakteria nao hawakulala. Katika miaka ya 1970, kwenye wodi ya majeraha ya moto huko Boston, Salmonella ilijitokeza ikiwa sugu kwa fedha. Jeni zake zilikuja kusomwa baadaye. Tukiipaka fedha kila skrubu ya jino kwa ajili ya tangazo zuri, tutajua wenyewe.

Haya yote, hata hivyo, ni maelezo ya jumla. Mama hakuwa ameleta swali la jumla. Alikuwa ameleta skrubu moja mezani na moja mdomoni, na zilikuwa zimeharibika kwa njia mbili tofauti.

Nianze na ile ya mdomoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Kofia yake haikuwa na tundu la skrubu juu, maana yake ilibandikwa kwa simenti. Ukingo wa kofia ulikuwa umezama kama milimita 3 chini ya fizi. Mtu anayebandika kofia namna hiyo anaibonyeza, simenti ya ziada inatokeza pembeni, naye anaifuta ile anayoiona. Ile asiyoiona inabaki. Eksirei haikuonyesha kitu, lakini hilo halikunituliza, kwa sababu baadhi ya simenti hizi hazionekani kwenye picha. Mwaka 2009 daktari mmoja wa Marekani, Thomas Wilson, aliingiza kamera ndogo kando ya implanti 42 zilizokuwa na dalili za ugonjwa. Alikuta simenti kwenye 34.

Nikapiga ganzi, nikafungua fizi. Upande wa ulimi, mahali palepale kipimio kilipozama, kulikuwa na pete ya simenti nyembamba kama ukucha wa mtoto, imejaa ukoga mweusi. Niliitoa, nikasugua nyuzi za skrubu, ile michongo inayoizunguka, kwa brashi ya titani, nikaosha kwa maji ya dripu, nikashona. Kofia ikarudi kwa fundi, akaitoboa tundu, ili safari hii ifungwe kwa skrubu, bila simenti hata tone.

Kijana alikuwa amesimama pembeni na barakoa. Nikamwonyesha kile kipande kwenye shashi. Nikamuuliza: mpako wako ungekaa wapi? Akarudi kwenye tangazo lake, akavuta picha kwa vidole viwili. Mpako ulianzia kwenye nyuzi za skrubu zinazoingia mfupani na kuishia chini ya shingo. Simenti ilikuwa juu ya hapo. Ugonjwa huu huanzia juu, mlangoni kwenye fizi, kisha ukashuka. Mpako umelinda chumba cha ndani, mwizi amekaa barazani. Hata ungepakwa shingoni, simenti ingekaa juu ya fedha na ukoga juu ya simenti. Tena ilikuwa imepita miaka miwili, na fedha iliyo kwenye tabaka jembamba vile huisha. Ikiisha, imeisha. Huwezi kuiongeza kama chumvi kwenye mboga.

Nikiri kitu hapa. Nilifurahi sana kuipata ile pete. Daktari akipata sababu anayoweza kuishika kwa kibano, anajisikia hodari, na nilikuwa tayari kuandika kwamba kisa kimekwisha. Sukari ya asilimia 9.6 ilikuwa inaniangalia kutoka kwenye karatasi, nayo ilikuwa imesaidia moto kuwaka, maana kidonda cha mwenye sukari ya juu hupona kwa kuchechemea. Hilo nililiandika. Ile skrubu ya mezani nikaiweka pembeni kwa neno moja: "kisukari".

Halikutosha. Skrubu iliyotoka wiki ya 7 ni kisa kingine kabisa, na ni humo hasa ambamo mpako wa kuua bakteria ungeweza kuwa na hoja, kwa sababu wiki za mwanzo ndizo wiki za zile mbio za Gristina. Kama ni bakteria walioingia siku ya upasuaji, fedha ingekuwa kazini wakati huohuo, mahali hapohapo. Kwa hiyo nilitakiwa kuuliza kwa uzito uleule: je, ni bakteria kweli?

Karatasi aliyokuja nayo mama ilikuwa na mstari mmoja. Hakukuwa na nguvu ya kukazia, wala aina ya mfupa, wala neno kuhusu maji ya kupoozea mashine. Joto lilikuwa mshukiwa wangu wa kwanza. Mfupa ukipata nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu huanza kudhurika, jambo lililoonyeshwa mwaka 1983 kwa sungura, na mfupa wa nyuma chini ni mgumu, keekee ikiwa butu inachoma. Lakini sikuwa na ushahidi. Mama hakukumbuka usaha wala homa wala uvimbe mkubwa siku zile. Maumivu yalikuja tu alipoguswa. Skrubu mezani ilikuwa safi, bila vipande vya mfupa, na pale ilipotoka, kwa maelezo yake, palikuwa na "kinyama laini kama ngozi ya maharage". Hiyo ni lugha nzuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Kinyama laini badala ya mfupa huashiria kwamba skrubu ilikuwa ikicheza.

Nani alikuwa akiichezesha? Nilimuuliza maswali yote ya kawaida. Havuti sigara. Hasagi meno usiku, au angalau hakuna aliyewahi kumsikia. Alikula uji na mlenda wiki mbili kama alivyoagizwa. Nikafunga faili.

Siku aliyokuja kutolewa nyuzi, simu yake iliita. Mteja alitaka kujua kama mzigo wa Kongwa umekauka. Mama akajibu kwa sauti ya sokoni, "Njoo kesho, nitaung'ata mbele yako." Kijana akacheka. "Dokta, huyu ndiye mashine ya kupima unyevu Kibaigwa. Wanunuzi wanamwamini kuliko mizani."

Nikaomba aeleze. Akaeleza kama mtu anayemweleza mtoto. Gunia likifunguliwa unachota punje kadhaa kutoka katikati, unaweka moja gegoni, unaivunja. Ikilia kavu, imefika. Ikibonyea, bado. Mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, la sivyo yanaota ukungu, na mwenye jino zuri anaijua asilimia hiyo kwa mlio. Msimu ukichanganya anavunja punje mia, mia mbili kwa siku. Upande gani? Kushoto. Kulia ana jino lililozibwa, linamuuma akibana. Na baada ya kuwekewa skrubu aliacha kwa muda gani?

"Wiki mbili, mwanangu, kama mlivyosema. Ilikuwa Julai."

Julai ni mavuno.

Skrubu mpya kwenye mfupa husimama kwa kubanwa tu. Seli za mfupa zinaanza kujenga, na mjengo wao wa kwanza ni laini. Skrubu ikisogea zaidi ya kama mikromita 100 hadi 150, ambazo ni kama unene wa unywele mmoja au miwili, seli zinakata tamaa ya kujenga mfupa na zinaweka nyama ya nyuzinyuzi badala yake. Kifuniko cha implanti ya nyuma kilikuwa kimechungulia juu ya fizi, kwenye njia kamili ya punje. Punje mia kwa siku, kwa wiki tano. Ile ya mbele ilinusurika, nadhani kwa kuwa gego la nyuma ndilo alilolitumia kama nyundo, ingawa kwa hilo siwezi kuapa.

Kwa hali hiyo fedha ingefanya nini? Isingefanya kitu. Pengine ingeongeza madhara kidogo kwa zile seli zilizokuwa zinahangaika.

Na hapa sina wa kumlaumu jijini kule bila kujilaumu mwenyewe. Fomu yetu ya mgonjwa ina nafasi ya sigara, pombe, dawa za mifupa, moyo, ujauzito. Pa "kazi" mama alikuwa amejaza "mfanyabiashara", nami nikapita. Nimewahi kutibu fundi cherehani mwenye pengo la kukatia uzi na fundi umeme anayemenya nyaya kwa meno. Nilijua. Sikuuliza tu.

Yalibaki maamuzi. Kijana aliulizia floraidi kwanza, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba inakula titani, na mama alikulia kwenye maji ya Singida. Ni kweli kwamba floraidi ikikutana na asidi hula ile ngozi ya oksidi inayoilinda titani. Jeli za floraidi zenye asidi tunazopaka wagonjwa wengine, zenye nguvu ya sehemu 12,300 kwa milioni, simwekei mtu mwenye implanti. Maji ya kisima, hata yanayozidi ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, hayana asidi hiyo. Dawa ya meno ya kawaida aendelee nayo.

Kisha pengo la nyuma. Mama alilitaka gego lake, na haki anayo, alilipia mawili. Muuzaji wa zile za nano, ambaye kijana alikuwa ameshawasiliana naye, alikuwa tayari kuileta "kwa mkono" ndani ya wiki mbili. Nilimwomba kitu kimoja: namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa kuwa implanti ni kifaa tiba na hapa nchini kifaa tiba kinapitia huko. Akajibu kwa picha nyingine ya tangazo. Nikamwomba matokeo ya binadamu waliofuatiliwa angalau miaka mitatu. Akanyamaza. Sikuhitaji kumwambia kijana zaidi ya hapo. Mtu wa kemia anaelewa ukimya wa muuzaji.

Ushauri wangu ulikuwa kuliacha pengo. Mama akibana kushoto ana gego la kwanza na meno mawili mbele yake, yote yana wenzao juu. Kwa ugali, nyama na hata mahindi ya kuchemsha hayo yanatosha, na implanti mpya kwenye mfupa uliowahi kushindwa, kwa mtu mwenye sukari inayopanda na mdomo wenye implanti nyingine inayougua, ni kucheza kamari kwa pesa ya mtu. Iwapo baada ya mwaka sukari imetulia na akalitaka bado, nitamwekea ya kawaida, yenye uso wa kukwaruzwa na asidi ambao umefuatiliwa kwa miongo, na kifuniko chake nitakizika chini ya fizi pasipofikiwa na punje. Mama hakupendezwa. "Fedha unaniambia haifai, na fedha yangu imekwenda," akasema, na sikuwa na jibu la kumzidi.

Miezi mitano baadaye kina kilikuwa milimita 4, usaha hakuna, damu inachungulia kidogo sehemu moja ya nyuma ambako mswaki hauingii vizuri. Sukari ya miezi mitatu ilisoma 7.4. Mfupa haujarudi, na sitarajii urudi wote. Nilimpa brashi ndogo za kupitisha kati ya meno, na kwa kuwa dukani Kibaigwa hazipatikani, namfungia pakiti moja kila anapokuja, au kondakta wa basi anampelekea.

Kijana alitumia sehemu ya akiba iliyokuwa ya implanti ya nano kumnunulia mama mashine ya kupima unyevu, ile ya mkononi yenye kioo. Nikamuuliza mama kama inamsaidia.

"Nzuri," akasema. "Inasoma, halafu nang'ata moja nione kama inasema kweli. Kwa kulia."